Droni ya Dada Yangu Kwenye Theluji ya Jebel Shams

Dada yangu alipostaafu ualimu, sote nyumbani tulidhani atageukia kilimo. Ana kishamba chake kidogo nje ya Nizwa, kina mitende na malimau na zamu yake ya maji ya falaj, mfereji wa kijiji, na kwa muda mrefu alikuwa akisema siku atakayoacha kushika chaki atashika jembe. Basi chaki akaiacha, na jembe hakulishika. Akanunua droni.

Aliileta Ibra, kwangu, ninakoishi na Mama. Mimi nafanya kazi kwenye duka la dawa hapa mjini, na jioni ile nilirudi nikawakuta wawili hao wamekaa juu ya zulia sebuleni, kitu chenyewe kiko katikati yao kimekunjua miguu yake minne. Mama alikuwa amekiinamia bila ya kukigusa.

"Hiki nini? Panzi?"

"Droni, Mama. Inaruka, inapiga picha."

"Inamrukia nani?"

Dada akacheka mpaka akalala ubavu. Yeye amepindukia sitini, ni mjane, na wanawe wamekwisha kujitegemea. Alizaliwa Unguja akaja Oman yungali mtoto wa kubebwa. Mimi nilizaliwa huku huku. Alifundisha jiografia miaka mingi, na kila mwaka alifika kwenye somo la milima mirefu, akachora mlima ubaoni, akaupaka chaki kileleni, akawaambia watoto hii ni theluji. Theluji yenyewe hajapata kuiona. Likizo zake zote alizimaliza kwa kuhudhuria harusi.

Baridi ile ya kwanza tulikwenda naye kwenye michanga ya Bidiyah kujifunza kuirusha. Watu wasioijua nchi hii hudhani jangwani ni joto tu. Alfajiri ya Januari umande ulikuwa mwingi hata mchanga umeshikana kama sukari iliyoingia maji, na vidole vyetu vilikuwa vigumu. Dada aliiweka droni chini, moja kwa moja juu ya mchanga, akaiwasha. Ikapanda kimo cha mtu, ikayumba, rimoti ikaanza kulia mkononi mwake, kisha ikashuka yenyewe haraka haraka, ikaanguka ubavu na kuchota mchanga kwenye mota.

Kwa siku nyingi baada ya hapo aliisafisha kwa mswaki laini. Kisha akaanza kusoma, na dada yangu akianza kusoma jambo hana mchezo. Akawa ananipigia simu kunihubiria. Betri ikipigwa na baridi, aliniambia, inakuwa kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi: unaiona imejaa, kumbe haina nguvu, na ukiikimbiza inakuzimikia hewani. Sharti uitie joto kabla ya kuitia kwenye droni. Usiirushe kutoka kwenye mchanga wala majani yaliyolowa, tandika kitu. Usiiache iende mbali papo hapo, ishike kwanza karibu na wewe mpaka mota zipate moto. Nikawa namjibu "ndiyo dada, ndiyo dada," huku nawahesabia wateja vidonge vyao.

Akanunua kijamvi cha duara, rangi ya chungwa, cha kurushia na kutulia. Akajiandikisha, akatafuta kibali cha kila mahali alipotaka kuruka. Hakuwa na haraka tena.

Mwaka uliofuata, siku moja ya baridi, mvua ilinyesha Dakhiliyah nzima, mkoa wa Nizwa. Huku Ibra tulipata upepo na mawingu tu. Nilikuwa nimekaa na Mama tunakunywa chai ya zaatari, simu ikalia, na sauti ya dada ikatoka kwa ukelele hata Mama akaisikia kutoka alipo.

"Imeanguka! Imeanguka!"

Mama akaweka kikombe chini. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu, Mama," nikamwambia, "anasema mlimani Jebel Shams kumeanguka theluji."

Watu walikuwa wakitumiana video: mawe meupe, mireteni imeinama, vijana wenye kanzu zao za dishdasha wanarushiana mabonge. Dada alitaka nifungashe vitu niende siku ileile. Nikamwambia nitaomba ruhusa kazini, nitakuja peke yangu, maana Mama amefika miaka themanini na magoti yake hayapendi baridi. Mama akaninyang'anya simu.

"Mwanangu, usimsikilize huyu. Tunakuja sote. Mimi nimezaliwa mahali ambapo barafu tukiinunua imefungwa kwenye gunia na unga wa mbao, ikifika nyumbani nusu yake maji. Leo Mungu anaimwaga bure, n'kae Ibra nifanye nini?"

Tukaondoka alasiri ileile, tukapitia njia ya Sinaw, tukalala kwa dada Nizwa. Baada ya sala ya alfajiri tulimvika Mama kila kilichopatikana: sweta mbili, koti la marehemu mume wa dada, soksi za sufu, na juu ya vyote kanga yake, kwa kuwa alikataa katakata kutoka nje bila ya kanga. Tukampandisha kwenye gari la dada, Land Cruiser ya zamani inayokunywa petroli lakini inapanda popote. Dada mwenyewe ndiye aliyeendesha.

Tulipita Al-Hamra jua halijachomoza vizuri. Pale njia inapoanza kupanda, askari walikuwa wamesimamisha magari madogo na kuyarudisha. Wakamulika ndani ya gari letu wakaona wanawake watatu, mmoja kafunikwa kama mzigo wa posta.

"Mnakwenda wapi, khaala?" mmoja akamuuliza Mama kwa Kiarabu, akimwita mama mdogo.

"Kuona theluji, mwanangu."

Akacheka, akatuambia twende polepole, tusifunge breki ghafla penye kivuli, maana penye kivuli maji yameganda barabarani.

Sitasahau kona ile ya kwanza tuliyokuta weupe. Haikuwa theluji nyingi, sitaki kutia chumvi; ilikuwa kama mtu aliyepita na chekeche akinyunyiza unga juu ya mawe, na kwenye vivuli vya miamba imejikusanya nene. Lakini sote watatu tulipiga kelele kwa pamoja. Dada aliegesha kwenye uwanda wa juu, mbali na ukingo wa korongo, akazima gari, akashuka bila ya kufunga mlango. Akachuchumaa. Akaichota kwa viganja viwili akaitazama.

"Niletee na mimi," Mama akaita.

Dada akamletea. Mama akaibonyeza kwa kidole, akainusa, akaitia mdomoni.

"Kumbe nyepesi," akasema. "Na haina ladha. Basi rusheni huyo panzi wenu."

Kabla ya kuondoka Nizwa dada alikuwa amempa Mama kazi. Alimwekea mpira wa maji moto mapajani, ameufunga kwa taulo usichome, na betri mbili za droni akazitia kwenye soksi na kuziweka karibu na mpira ule, chini ya kanga na koti. "Hizi ni amana yako, Mama. Zisipate baridi wala zisiungue." Njia nzima Mama alikuwa akizipapasa na kututangazia hali zao.

Dada alihesabu hatua kutoka garini, kwa sababu chuma cha gari huichanganya dira ya droni, akachagua mahali tambarare, akafagia theluji kwa mguu, akatandika kijamvi na kukikandamiza kwa mawe pembezoni. Akavaa glavu zake alizozikata ncha za vidole gumba. Akaokota uzi kwenye kitambaa chake, akauachia aone upepo unatoka wapi. Ulikuwa unatoka kwenye korongo, si mkali.

"Tutakwenda kwa kuupinga," akaniambia kwa sauti ileile ya darasani. "Tukirudi utatusukuma. Ukienda nao halafu urudi unaupinga na betri imechoka, umekwisha. Na upande wa kilele hatuelekezi hata pua, kibali chetu ni cha huku tu. Wewe kazi yako ni kuikodolea macho droni yenyewe, mimi natazama kioo cha rimoti. Ukiona ndege, ukiona mtu, ukiona ukungu, piga kelele."

"Na Mama?"

"Mama anatoa betri."

Nikaenda garini. Mama akapenyeza mkono kwenye tabaka za nguo akaitoa betri ya kwanza. "Chukua. Ya moto kama andazi."

Dada akaitia, akawasha, akangoja setilaiti zijae, akasema bismillahi. Mapangaboi yakavuma, vumbi jeupe likaruka pembezoni mwa kijamvi, na droni ikapanda, ikasimama kimo cha paa la nyumba. Hapo akaiacha, inavuma tu, haiendi popote. Mimi nilitamani kumsukuma. Yeye alikuwa akisoma kiwango cha betri na kusogeza vidole gumba kidogo kidogo, kushoto, kulia, juu, chini. Alipotosheka akaiambia, "Haya, nenda mwanangu," nayo ikapaa kuelekea kwenye korongo.

Alirudi nyuma hatua hatua mpaka kwenye mlango wa gari uliokuwa wazi, akakiweka kioo pale ambapo na Mama angeweza kukiona. Mimi nilisimama nimeinua shingo, naifuata nukta ile nyeusi mbinguni, na masikioni nawasikia wao wawili. Mama alikuwa akivuta pumzi kwa nguvu kila baada ya muda. "Ya Rabbi! Lile ni shimo? Na hayo yaliyopangika ni mashamba? Tazama, tazama, kama keki iliyokatwa!" Nilishindwa kujizuia, nikageuza macho mara moja nikaona: kuta za korongo zinashuka hudhurungi na zambarau, na kila ngazi ya mwamba ina mstari mweupe juu yake, ngazi juu ya ngazi, mpaka chini kwenye kiza ambako hakukufika theluji.

"Macho juu!" dada akanikaripia.

Aliirudisha betri ingali na nguvu ya kutosha, ikatua katikati ya kijamvi kama iliyowekwa na mkono. Nikamrudishia Mama betri yake, tukakumbatiana. Dada akawa anarukaruka mahali pamoja, mwanamke mzima, abaya yake imeloa mpaka magotini.

Tulikuwa bado tunashangilia tulipomwona mwanamke anakuja mbio kutoka kwenye vibanda vya mawe vilivyo upande wa pili wa uwanda. Alikuwa mtu wa mlimani, wa makamo, kavaa nguo za maua na blanketi mabegani, miguuni kandambili bila ya soksi. Ni wale wanaofuma mazulia ya manyoya ya mbuzi na kuwauzia wageni. Akatusalimia akihema, na macho yake yalikuwa kwenye droni.

"Hicho kinaona chini ya ukingo?"

Dada akamjibu kwamba kinaona. Yule mwanamke akaeleza kwa haraka, Kiarabu cha mlimani ambacho mimi nilikuwa nakishika maneno mawili na kupoteza moja. Mbuzi wao hawakurudi jana mvua ilipoanza. Mume wake ametoka kabla ya mapambazuko kuwafuata kwenye njia ile nyembamba inayopita katikati ya ukuta wa korongo. Mpaka sasa hajarudi, na simu yake haishiki. Shemeji zake wamekwenda na kamba lakini njia inagawanyika sehemu mbili, ya juu na ya chini, hawajui ameshika ipi, na njia zote zina barafu.

Mama hakungoja tafsiri. Ameishi nchi hii zaidi ya nusu ya umri wake. Akasogea kwenye kiti, akampapasia mahali. "Njoo ukae, binti yangu. Ingia, miguu yako imekuwa bluu." Kisha akamgeukia dada na kuzungumza Kiswahili. "Haya. Betri ya pili hii hapa."

Dada hakuichukua papo hapo. Alitazama korongo. Mimi pia niliona: ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka chini, mweupe, taratibu, kama maziwa yanayotaka kufurika. Droni haipendi ukungu. Unyevu wake ukigusa mapangaboi kwenye baridi ile unaganda, na panga lenye barafu halibebi.

"Tutatafuta," akamwambia yule mwanamke kwa Kiarabu, polepole ili aelewe. "Lakini ukungu ukifika kwenye ukingo, nitaigeuza hata kama hatujamwona. Ikianguka haitamsaidia mtu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Kijamvi kikafutwa, mapangaboi yakafutwa moja moja kwa kitambaa kikavu, betri ikatiwa. Mara hii nilimwonea huruma dada kwa subira aliyojilazimisha nayo. Yule mwanamke ameshika mlango wa gari kwa mikono miwili, na droni imesimama juu yetu inavuma, inapata moto, haiendi. Kisha ikaondoka.

Aliishusha chini ya ukingo akaipitisha sambamba na ukuta, mbali kiasi, kwa kuwa karibu na mwamba upepo huzunguka na kuivuta. Nilikuwa siioni tena, kwa hiyo nikasogea kwenye ukingo mpaka pale penye mawe ya kuzuilia, nikaiona tena ikiwa ndogo kama nzi, nikawa nampigia dada kelele: iko sawa, iko mbali na mwamba, ukungu bado uko chini yake. Naye ananijibu kila mara, "Naam." Njia ya kwanza aliifuata mpaka mwisho wake. Hakuna kitu. Akairudisha, akaingia ya pili.

"Betri inakaribia nusu," nikamsikia.

Ukungu ulikuwa umekwisha kula vishamba vya chini. Nikapiga kelele, "Dada, unapanda!"

"Naona!"

"Unapanda kwa haraka!"

"Naona, bibi wee, niache!"

Halafu yule mwanamke akapiga yowe. Nilidhani ameona maiti. Nikakimbia kurudi garini nikiteleza, na nilipofika nikamkuta amemshika dada bega na kuelekeza kidole kwenye kioo. Chini ya mwamba uliochomoza kama paa palikuwa na kikundi cha mbuzi wamebanana, na katikati yao kitu cha rangi ya chungwa.

"Masari yake! Kilemba chake kile, nimekifua mwenyewe!"

Dada akaisogeza droni, taratibu sana. Kile cha rangi ya chungwa kikainuka, kikawa uso. Mtu alikuwa amekaa kitako, mgongo ukutani, amejifunika mbuzi kila upande kama blanketi. Mbele yake njia ilikuwa inang'aa, imejaa barafu kwa urefu wa vyumba viwili vitatu, na pembeni yake korongo tupu. Hakuweza kwenda mbele, na nyuma palikuwa pamebomoka mawe. Akaitazama droni. Akavua masari yake na kuipunga kwa mkono mzima.

Sote tulipiga vigelegele. Mama ndiye aliyeanza, na kigelegele cha Kiunguja mlimani kule kilisikika mpaka ng'ambo.

Dada akaitikisa droni kushoto na kulia, mara kadhaa, kama mtu anayetikisa kichwa. Yule bwana akaweka kiganja kifuani. Ameelewa kwamba ameonekana.

"Njia ya juu au ya chini?" yule mwanamke akauliza, simu ya dada iko mkononi mwake, ameshampigia shemeji yake.

"Ya chini. Baada ya mti mkubwa wa mreteni. Waje na kamba, na kitu cha kuvunjia barafu. Wasikanyage pale panapong'aa."

Rimoti ikalia. Dada akainua droni juu, moja kwa moja, kabla ya kuigeuza, na ilipokuwa inapanda kioo kikawa cheupe chote. Ukungu umeifikia. Kwa muda hatukuona kitu, namba tu pembezoni. Dada akaipandisha tu. Kioo kikatoa weupe, weupe, weupe, kisha ghafla bluu, na jua.

"Alhamdulillahi," akasema kwa sauti ndogo. "Sasa nioneshe nyumbani."

Lakini nyumbani kwenyewe kulikuwa kunafunikwa. Ukungu ulikuwa umepanda ukingo na kutambaa juu ya uwanda, mwembamba bado, lakini ardhi nyeupe na ukungu mweupe vimekuwa kitu kimoja. Droni ina macho chini ya tumbo lake ya kupimia kimo, na dada alikwisha kunieleza kwamba juu ya theluji macho hayo hudanganyika. Hakutaka kuiachia itue yenyewe.

"Taa!" akaniambia. "Washa taa za gari, zote, na za hatari. Kisha nenda usimame nyuma ya kijamvi, mbali kidogo, usikisogelee, nikuone."

Funguo zilikuwa kwenye gari. Nikamwambia Mama abonyeze kile kitufe chekundu chenye pembetatu, nikakimbilia upande wa dereva. Mama akabonyeza honi. Ikalia mlima mzima. "Siyo hicho!" "Basi kipi?" "Chenye pembetatu!" Akabonyeza honi tena, kwa nguvu zaidi, akidhani hakukisukuma vya kutosha. Nikawasha taa mwenyewe. Nikakimbia nyuma ya kijamvi, nikasimama na abaya yangu nyeusi, nimenyoosha mikono kama mlingoti.

Kwanza niliisikia. Mlio wake ulikuwa umebadilika, umekuwa mzito na wa kukwaruza, kama nyuki aliyelowa. Kisha nikaiona, inatoka kwenye ukungu upande wa korongo, na mapanga yake yanang'aa pembeni. Barafu. Upepo ulikuwa unaisukuma, ikapita kijamvi, ikaelekea kwangu. Kila kiungo changu kilitaka kuinua mikono niidake.

"Usiiguse!" dada akapiga kelele. "Kaa!"

Nikarudi nyuma na kuchuchumaa. Ikainama, ikaupinga upepo, ikarudi nyuma shubiri kwa shubiri, rimoti inalia mfululizo sasa. Ikasimama juu ya kijamvi. Dada hakuiharakisha. Aliishusha mpaka kimo cha goti, akaiacha itulie, upepo ukapunga, akangoja, upepo ukapoa, na papo hapo akaishusha yote. Miguu ikagusa. Mota zikazimika.

Kisha Mama akapiga honi.

Dada alikuja akapiga magoti mbele ya droni yake. Alitoa betri kwanza. Kwenye ncha za mapangaboi palikuwa na ganda jembamba la barafu, safi kama kioo cha saa, akalitoa kwa ukucha na kunionesha. Nilitaka kuitia kwenye begi kwa haraka tuingie garini penye joto. Akanizuia: ikiingizwa kwenye joto ghafla itatoka jasho ndani yake, iharibike. Akaifuta, akaiacha ipoe na kukauka chini ya kitambaa.

Yule mwanamke alikuwa amemshika Mama mikono yote miwili. Shemeji zake walikuwa njiani; simu zilikuwa zinapigwa kila dakika. Tukahamia nyumbani kwake, chumba cha mawe chenye moto katikati na harufu ya sufu, tukakalia mazulia aliyoyafuma yeye. Mama alipewa mahali pazuri kuliko pote. Wakazungumza hao wawili juu ya magoti, juu ya wanaume wanaothamini mifugo kuliko miili yao, juu ya bei ya manyoya, na mimi na dada tukakaa tunatazamana, na kila tukitazamana tunacheka.

Jua lilikuwa limekwisha kupasua ukungu tuliposikia kengele za mbuzi. Mwenye nyumba akatoka mbio, na sisi nyuma yake. Walikuwa wanakuja kwa mstari, ndugu wawili wa mumewe mbele na kamba mabegani, mbuzi katikati, na mume mwenyewe nyuma kabisa akichechemea kidogo, masari ya chungwa kichwani imefungwa ovyo. Mke wake alimfokea kwa muda mrefu sana. Yeye akamsikiliza kichwa chini. Kisha akamkabidhi fimbo, akaja kutusalimia, akamwinamia Mama na kumbusu kichwani.

"Shikamoo," Mama akanong'oneza kwa Kiswahili, akinitazama, "mwambie kwetu mkubwa huamkiwa hivyo." Nikamfasiria bwana yule, akajaribu kulitamka, akasema "shikamu", Mama akamwitikia marahaba kwa furaha kubwa.

Tukaingia ndani tena, kahawa ikaletwa na tende. Yule bwana alisimulia kwa maneno machache. Aliteleza, akakaa. Akaona afadhali angoje jua liyeyushe. Wale mbuzi walimpa joto. Aliposikia mvumo alidhani ni helikopta iko mbali, mpaka kitu kilipomsimamia mbele ya uso.

"Unataka kujiona?" dada akamuuliza.

Akasogea. Dada akamfungulia video kwenye simu. Tulitarajia atastaajabu, au atacheka, kwa kuwa alionekana kama mzee wa mbuzi kweli kweli pale chini ya mwamba, ndevu na mbuzi na mbuzi na ndevu. Hakujitazama hata kidogo. Alikuwa akipeleka kidole juu ya kioo, midomo inacheza, anahesabu mbuzi.

"Rudisha nyuma," akasema.

Dada akarudisha.

"Hapo. Simamisha."

Akaishika simu, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Juu ya ule mwamba uliomfunika, mahali ambapo yeye mwenyewe asingeweza kupaona, palikuwa na kitu cha hudhurungi ambacho sisi sote tulikitazama tukaona ni jiwe. Lilikuwa na masikio.

"Yule ni wangu," akasema. "Yule mdogo. Nilidhani amekwenda na mbweha."

Akaweka kikombe chini, kahawa ingali na moshi, akamwomba mkewe kamba. Mke wake akasimama mlangoni akamzibia njia, nao wakaanza tena kufokezana, na dada yangu alikuwa amekwisha kuinuka, anavaa glavu zake, ananiuliza kama Mama bado anayo ile betri ya kwanza iliyobaki na nguvu na kama mpira wa maji una moto.